Kuikagua Idara ya Serikali Bila Kuwa Mkaguzi

Aprili 2016 mkoa wa Shinyanga ulitoa jibu fupi mno: sifuri. Rais John Magufuli, alipokuwa akiwaapisha wakuu wa mikoa Machi 15 mwaka huo, aliwapa siku 15 wawe wamewaondoa watumishi hewa, yaani wanaolipwa bila kuwapo kazini, kwenye orodha za mishahara. Shinyanga ikasema haina hata mmoja. Timu ya uhakiki ikatumwa, na kabla haijamaliza kazi ilikuwa imeshakuta watumishi hewa 45. Aprili 11 Mkuu wa Mkoa, Anne Kilango Malecela, akatenguliwa. Alikuwa hajatimiza hata mwezi mmoja katika kiti hicho.

Wengi wanakumbuka kutenguliwa kwake. Kwa anayetaka kujua idara ya serikali inatumiaje fedha na watu wake, kinachofaa kukumbukwa zaidi ni ile sifuri. Ilipita mikononi mwa watu kadhaa, ikaandikwa, ikasomwa, na inaelekea hakuna aliyeuliza imepatikanaje. Aliyeandaa orodha ndiye aliyeulizwa kama orodha yake ni safi, naye akasema ni safi.

Kazi ya kuihoji idara inaanzia hapo. Ubadhirifu hauonekani kwenye jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa, kwa sababu jumla hutengenezwa ipendeze. Unaonekana pale karatasi mbili zilizoandikwa na watu wawili tofauti zinapowekwa ubavu kwa ubavu na kukataa kukubaliana. Diwani mpya, mwandishi wa habari wa wilayani, mjumbe wa kamati ya shule au mstaafu mwenye muda wake hahitaji shahada ya uhasibu kwa hilo. Anahitaji karatasi ya pili.

Kwanza, punguza eneo. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuikagua Serikali, wala wizara nzima. Bajeti ya Tanzania ya mwaka 2025/26 ilipitishwa ikiwa Sh trilioni 56.49, na mtu anayeanza na namba hiyo ataishia kulalamika kijiweni. Chagua idara moja ya halmashauri moja, kwa mwaka mmoja wa fedha. Chukua afya, au ujenzi, au elimu ya msingi. Kumbuka pia kwamba mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuishia Juni 30. Anayeuliza matumizi ya "mwaka 2024" amempa afisa mwanya wa kumjibu kwa miezi anayoitaka yeye. Anayeuliza kuanzia Julai 1, 2023 hadi Juni 30, 2024 amemfungia mlango huo.

Pili, jifunze maneno machache ya ofisini, maana vitabu vya bajeti havisemi lugha ya mtaani. Kila wizara au taasisi ina fungu lake lenye namba: Fungu 46 ni Wizara ya Elimu, Fungu 52 ni Wizara ya Afya, Fungu 56 ni TAMISEMI. Ndani ya fungu kuna vifungu, yaani idara na vitengo, na ndani ya kifungu kuna kasma, ambazo ndizo mistari ya matumizi yenyewe: mafuta ya magari, posho ya kujikimu, shajala, matengenezo ya majengo. Fedha zenyewe hugawanywa katika mishahara, matumizi mengineyo ambayo kila mtumishi huyaita OC, na maendeleo. Anayewajibika kwa kila senti ni Afisa Masuuli: wizarani ni Katibu Mkuu, kwenye halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji. Barua ya kuomba taarifa iende kwa huyo. Mhasibu hata akiwa rafiki hana mamlaka ya kujibu.

Kosa linalowaangusha wengi hutokea hapa mwanzoni kabisa. Mtu anaona kwenye bajeti kwamba idara ya ujenzi ilitengewa fedha za barabara ya kijijini, anakwenda kuitazama barabara, anakuta vichaka, anarudi akipiga kelele za wizi. Bajeti iliyoidhinishwa ni ruhusa ya kutumia. Fedha zenyewe zinaweza kuja nusu, robo, au zisije. Kwa hiyo kwa kila mradi zitakiwe namba tatu, zikifuatana: kilichoidhinishwa, kilichopokelewa, kilichotumika. Na ya pili iombwe pamoja na tarehe. Fedha iliyopokelewa Septemba na iliyopokelewa wiki ya tatu ya Juni ni fedha mbili tofauti. Hiyo ya Juni ndiyo inayonunua matairi ambayo gari haliyahitaji na kulipia semina ambayo mada yake hakuna anayeikumbuka, kwa kuogopa mwaka wa fedha usije ukafungwa na salio likabaki.

Karatasi ya kwanza iliyo rahisi kuipata ni ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ambaye ofisi yake imewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba. Ripoti hutakiwa kumfikia Rais ifikapo Machi 31 kila mwaka, kisha hupelekwa bungeni na kuwekwa kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Zipo kadhaa: ya serikali kuu, ya serikali za mitaa, ya mashirika ya umma, ya miradi ya maendeleo, pamoja na zile za ukaguzi wa ufanisi. Ni vitabu vinene, na magazeti huchota namba kubwa kubwa za siku ya kwanza na kuziacha. Anayefuatilia idara ya wilaya yake aende moja kwa moja nyuma, kwenye viambatisho. Kurasa za mbele zitasema halmashauri kadhaa hazikurejesha masurufu, yaani fedha za shughuli au safari zinazotolewa mapema, au zililipa mishahara kwa waliokwisha kuacha kazi. Viambatisho ndivyo vinavyozitaja kwa majina na kiasi. Asiyeweza kuupanda mlima huo aanze na muhtasari wa Wajibu, taasisi iliyoanzishwa na CAG mstaafu Ludovick Utouh, ambao huandikwa kwa lugha ya mtu wa kawaida.

Hati safi isimtie mtu usingizi. Halmashauri ikipata hati inayoridhisha hufanya sherehe na kuchapisha mabango, na wananchi wanaelewa kwamba hakuna kilichoibiwa. Maana yake ni finyu kuliko hivyo. Mkaguzi amesema kwamba hesabu zilizoandaliwa zinaonyesha kwa usahihi hali ya fedha ya taasisi kwa kufuata viwango vya uhasibu. Idara inaweza kununua kitu kwa bei ya ajabu, ikakiandika vizuri, ikakiwekea risiti zote, na hati ikabaki safi. Ndiyo sababu hati husomwa pamoja na hoja za ukaguzi, hasa zile za miaka ya nyuma ambazo bado hazijafungwa. Hoja inayojirudia mwaka wa tatu mfululizo inaeleza mengi juu ya idara kuliko hati yake.

Zipo mara ambazo ripoti hizo zimeng'oa watu. Mei 2012 Rais Jakaya Kikwete aliwaacha nje ya baraza mawaziri sita, akiwamo wa Fedha, baada ya ripoti ya CAG kuwasha moto bungeni. Lakini mara nyingi zaidi hoja hufia kwenye kabati la mkuu wa idara, kwa kuwa hakuna mtu wa wilayani aliyekwenda kuiulizia.

Sasa watu. Huku ndiko wafuatiliaji wengi hawafiki, ingawa ndipo palipo rahisi zaidi kwa mwananchi, kwa sababu mtumishi ni kitu kinachoonekana. Mwalimu yupo darasani au hayupo.

Neno la kuanzia ni ikama, yaani idadi ya watumishi wanaoruhusiwa kwa kila kada. Pembeni ya ikama iwekwe orodha ya malipo ya mishahara, ambayo kila mtumishi ana cheki namba yake, na pembeni ya hiyo iwekwe hali halisi ya kituo: zahanati, shule, ofisi ya kata. Karatasi hizo tatu huandaliwa na watu watatu. Ikama hupitishwa na Ofisi ya Rais, Utumishi. Mishahara hushughulikiwa na maafisa utumishi wa halmashauri na Hazina. Na anayejua nani yupo kazini ni mkuu wa shule au mganga mfawidhi. Mtumishi hewa huzaliwa kwenye nyufa zilizo kati yao. Mara nyingi hakuna hata aliyemtunga. Mwalimu amefariki, amestaafu, ameacha kazi akaenda kufanya biashara, na mkuu wake hakupeleka taarifa, au aliipeleka ikalala mezani, na mshahara ukaendelea kuingia benki mwezi baada ya mwezi. Baadaye tu ndipo mtu anapogundua kwamba mshahara huo una mlango wa kuchukuliwa.

Kwa hiyo swali "kuna watumishi hewa wangapi?" halifai. Ndilo lililozaa sifuri ya Shinyanga. Swali lenye meno linauliza mchakato: katika mwaka huu wa fedha, ni watumishi wangapi wa idara hii walistaafu, walifariki, walihama au waliacha kazi; taarifa za kila mmoja zilifika lini ofisi ya utumishi; na mshahara ulisimamishwa mwezi gani? Tofauti kati ya tarehe ya tukio na mwezi wa kusimamishwa ndiyo hasara, na hujibiwa kwa miezi. Haihitaji jina la mtu hata mmoja.

Uhakiki nao una upande wake wa pili. Aprili 28, 2017, mjini Dodoma, Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Hawa hawakuwa hewa. Walikuwa watu wa nyama na damu waliokuwa wakienda kazini, baadhi yao kwa miaka mingi. Waliondolewa, na vituo kadhaa vya afya vikabaki vikitafuta watoa huduma, wakati huo ajira mpya na upandishaji vyeo vikiwa vimesitishwa tangu Juni 2016 kupisha uhakiki. Mwaka 2022 Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliamua warudishiwe michango yao wenyewe ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Anayefuatilia idara azitafute hesabu zote mbili: waliotolewa ni wangapi, na walioingia mahali pao ni wangapi. Idara iliyosafisha orodha yake na kumwacha muuguzi mmoja azalishe, achome sindano na kugawa dawa haijaokoa fedha. Imehamishia gharama kwa wagonjwa.

Upungufu wenyewe ni ushahidi wa kifedha, jambo ambalo husahaulika. Halmashauri isiyo na mhandisi wa kutosha itapokea fedha za majengo bila mtu wa kuzisimamia. Isiyo na afisa ununuzi mwenye sifa itanunua kwa kubahatisha. Na angalia makaimu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinataka mtu asikaimu zaidi ya miezi sita, lakini wakuu wa idara wanaokaimu kwa miaka si habari ngeni kwenye ripoti za ukaguzi. Kaimu hana uhakika na kiti chake, na asiye na uhakika na kiti huona ugumu kumwambia bosi kwamba malipo haya hayana nyaraka. Swali la "mkuu wa idara hii amethibitishwa lini?" linaonekana la adabu tu, kumbe ni swali la fedha.

Kipo kiashiria kingine kidogo ambacho wakaguzi hukitaja na magazeti huruka: watumishi ambao baada ya makato ya mikopo wanapokea chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, kinyume na taratibu. Haina maana kwamba ni wezi. Ila mtunza fedha anayerudi nyumbani na kiasi kama hicho kila mwezi, huku mkononi ana mashine ya POS ya kukusanyia ushuru, ni hatari ambayo mwajiri ameiona na kuinyamazia.

Tukirudi kwenye fedha, kitu cha kukishika mkononi ni hati ya malipo. Diwani aliye kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango anaweza kuomba kuiona. Mwananchi anaweza kuulizia vilivyoambatishwa. Tuseme idara imenunua madawati. Nyuma ya hati panatakiwa kuwa na ombi la kununua, hati ya kuagizia, ankara ya mzabuni, hati ya kupokelea mzigo, taarifa ya kamati ya mapokezi na ukaguzi, na risiti ya EFD. Macho ya wengi hukimbilia kiasi. Waliozoea kazi hii huanza na tarehe. Mzigo uliopokelewa kabla haujaagizwa, risiti iliyotolewa Jumapili, kamati ya mapokezi iliyosaini siku ambayo mjumbe wake mmoja alikuwa amelipwa posho ya safari ya Dodoma: haya hayahitaji mtaalamu, yanahitaji kalenda ya ukutani. Kisha nenda kwenye leja ya stoo uone kama madawati yaliingia, na kwenye shule uone kama yalitoka.

Posho na mafuta husomwa vivyo hivyo. Posho ya kujikimu ya siku 10 nje ya kituo huwekwa kando ya daftari la mahudhurio la siku hizo hizo. Aliyelipwa akikutwa amesaini ofisini, moja kati ya maandishi hayo mawili ni la uongo. Lita za dizeli huwekwa kando ya kitabu cha safari za gari na kumbukumbu za gereji. Gari lililolala gereji wiki mbili halinywi mafuta. Masurufu yanatakiwa kurejeshwa kwa risiti ndani ya siku 14 baada ya kumaliza shughuli, na orodha ya wasiorejesha, pamoja na tarehe, ni karatasi ambayo diwani yeyote mwenye nia anaweza kuidai kila robo mwaka.

Bei nayo huulizwa kwa kipande, kamwe si kwa jumla. Kwenye kaunti ya Bungoma nchini Kenya, mwaka 2015, ununuzi wa wilbaro 10, yale matoroli ya tairi moja, uligharimu zaidi ya Sh milioni moja za Kenya. Kwenye kitabu cha matumizi ya kaunti nzima, milioni moja ni vumbi, hakuna anayesimama. Ilipogawanywa kwa kumi ikawa Sh 109,320 kwa toroli moja, na kila Mkenya aliyewahi kwenda dukani kwa vifaa vya ujenzi akajua kuna jambo. Utetezi kwamba hayakuwa matoroli ya kawaida haukusaidia. Machi 29, 2023, Rais Samia, akipokea ripoti ya CAG, alisimulia mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo hilo: ndege iliyokuwa na bei ya awali ya dola milioni 37, kisha ikaja ankara ya dola milioni 86. Mkataba ni karatasi moja, ankara ni nyingine. Kwa Tanzania, zabuni za serikali sasa hupitia mfumo wa NeST, ambao tangu Oktoba 2023 ndio unaotumika badala ya TANePS, hivyo jina la aliyeshinda zabuni na kiasi chake si siri ya kufungiwa drooni.

Je, kulinganisha karatasi kunabadilisha chochote? Uganda ina jibu la miaka mingi. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walilinganisha fedha za ruzuku ambazo serikali kuu ilisema imezituma kwa shule za msingi na fedha ambazo shule 250 zilionyesha kuzipokea. Kati ya 1991 na 1995, kwa wastani, ni asilimia 13 tu iliyofika. Nyingine zilimezwa njiani, wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kwa kila wilaya na kutaka kibandikwe kwenye shule. Kufikia mwaka 2001 sehemu kubwa ya ruzuku, zaidi ya asilimia 80, ilikuwa ikifika. Wapo waliosema baadaye kwamba magazeti peke yake yasingefanya kazi hiyo, kwa kuwa kulikuwa na mageuzi mengine pia, na huenda wana hoja. Lakini kabla ya ulinganisho ule, hakuna aliyekuwa na namba ya kubishania.

Namba hizo hizo zinaweza kumuumbua anayezishika vibaya. Aprili 2018 nchi ilitikiswa na Sh trilioni 1.5. Ripoti ya CAG ya mwaka 2016/17 ilionyesha makusanyo ya Sh trilioni 25.3 na matumizi ya karibu trilioni 23.8, na Zitto Kabwe, mbunge wakati huo, akauliza tofauti iko wapi. Lilikuwa swali halali kabisa, na liliulizwa vizuri: kutoka kwenye kitabu rasmi, kwa hesabu ya kutoa ambayo kila mtu angeweza kuirudia. Mtaani likageuka kuwa "trilioni 1.5 zimeibwa". Serikali ilijibu bungeni kwamba sehemu ya tofauti ni hatifungani zilizoiva na kulipwa, sehemu ni mapato yaliyohesabiwa kabla fedha taslimu hazijaingia, na sehemu ni makusanyo ya Zanzibar. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa hesabu hiyo, ila kwa aliyesema wizi mchana kweupe, mjadala ulihama kutoka kwenye fedha ukaenda kwenye ulimi wake. Kwa hiyo ukipata tofauti, iite tofauti. Iombee maelezo kwa maandishi. Maelezo yasipokuja au yakipingana na karatasi ya tatu, hapo una habari.

Barua sasa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Akinyimwa anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya, na hatimaye kwenda kwa Waziri. Sheria hiyo inalinda taarifa binafsi, na ndiyo sababu maombi mengi hugonga mwamba: mtu anaomba majina ya watumishi na mishahara yao, anajibiwa kwamba hizo ni siri za watu, na kwa hilo ofisi ina haki. Omba idadi, vyeo na tarehe. Barua fupi hushinda ndefu:

"Kwa Mkurugenzi Mtendaji. Kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, 2016, naomba taarifa zifuatazo za Idara ya Afya kwa kipindi cha Julai 1 hadi Desemba 31, [mwaka]: (a) ikama kwa kila kada na idadi ya waliopo, (b) idadi ya waliostaafu, kufariki, kuhama au kuacha kazi, na mwezi ambao mshahara wa kila mmoja ulisimamishwa, (c) fedha zilizopokelewa kwa kila chanzo na tarehe zake, (d) orodha ya masurufu ambayo hayajarejeshwa, kwa kiasi na tarehe. Naambatisha nakala ya kitambulisho changu."

Ipelekwe kwa mkono masjala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule ndio unaoanza kuhesabu siku 30. Ujumbe wa WhatsApp kwa afisa habari hauhesabu chochote, hata ukijibiwa kwa kidole gumba.

Vikao vipo vingi kuliko watu wanavyodhani. Kijijini, mkutano mkuu hutakiwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa pale. Mtendaji anayesoma jumla tu aombwe, kwa heshima zote, asome mstari kwa mstari na aache nakala ubaoni. Kwenye halmashauri, Baraza la Madiwani hukaa kila robo mwaka na wananchi wanaruhusiwa kuingia kusikiliza. Kikao chenye faida zaidi ni kile maalumu cha kujadili hoja za CAG, ambacho kwa kawaida hufanyika Juni, Mkuu wa Mkoa akiwapo pamoja na mwakilishi wa ofisi ya ukaguzi. Siku hiyo kila hoja hutajwa na majibu ya menejimenti husomwa. Viti vya wananchi huwa vitupu.

Mwananchi hawezi kusimama kuuliza barazani. Diwani ndiye anayeweza, na diwani aliyepewa swali bovu ataliuliza vibaya. "Mheshimiwa Mwenyekiti, fedha za zahanati zinakwenda wapi?" litapata hotuba ya dakika 20 juu ya mafanikio ya sekta ya afya. "Mheshimiwa Mwenyekiti, hoja ya masurufu ya Idara ya Afya iliyotajwa mwaka juzi imebaki shilingi ngapi hadi leo, na nani hajarejesha?" litapata namba, au litapata kimya kitakachoandikwa kwenye muhtasari. Vyote viwili vinafaa.

Kuna neno la tahadhari kwa mtumishi aliye ndani ya idara anayeona mambo. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ipo, na TAKUKURU hupokea taarifa bure kwa namba 113. Hata hivyo, ofisi ndogo ya watu saba hujua mara moja nani ametoa nakala, sheria au hakuna sheria. Ni busara zaidi kwake kumwonyesha mwenzake wa nje karatasi gani ya kuomba, kuliko kumkabidhi karatasi yenyewe. Ombi likipita masjala, jibu hutoka kwa saini ya Mkurugenzi na hakuna mtoboa siri wa kumtafuta.

Anayetaka kuanza aanze na idara inayomgusa. Mwenye mtoto shuleni aende elimu ya msingi, kwa sababu anaweza kuwahesabu walimu mwenyewe siku ya kikao cha wazazi. Aandike barua wiki hii, apate muhuri, na siku ya 31 arudi masjala na nakala yake mkononi. Diwani wake analipwa posho ya kikao ili aulize: ampelekee swali moja lililoandikwa, lenye kiasi na tarehe, angalau siku tatu kabla ya baraza, kisha aende akae kwenye kiti cha wananchi amsikie akiliuliza.